Umeme Umerudi, Nyumba Imegoma: Pa Kuanzia Vifaa Vinapokufa kwa Mpigo

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nyumba nzima imekufa. TV haiwaki, king'amuzi hakiwaki, Wi-Fi hakuna, na friji imenyamaza kimya."

Ilikuwa saa mbili usiku, kipindi cha masika. Mama yuko Tanga, mimi niko Dar es Salaam. Umeme ulikatika kwao tangu alasiri, ukarudi kwa kishindo magharibi, na tangu hapo hakuna kilichokuwa sawa. Kabla sijapigiwa simu, mpwa wangu anayekaa pale alikuwa ameshachukua pini akabonyeza kile kitundu cha riseti nyuma ya ruta, ameshachomoa na kuchomeka kadi ya king'amuzi mara tatu, na ameshafungua nyaya zote za TV ili azipulize vumbi. Kijana alitaka kumsaidia bibi yake awahi taarifa ya habari. Tulikaa kwenye simu mpaka saa tano kasoro.

Mwisho wa yote, kilichokuwa kimeharibika ni kitu kimoja tu: ekstensheni. Matatizo mengine yote tuliyopambana nayo usiku ule yalizaliwa baada ya umeme kurudi, kwa mikono yetu wenyewe. Ruta ilipoteza mipangilio ya kampuni ya intaneti. Waya wa picha ulirudishwa kwenye tundu lisilo lake. Friji ilikuwa nzima, ila hatukujua ilikuwa inasubiri nini.

Tangu hapo nimeongoza ndugu na majirani wengi kwa simu, na kila mara napita njia ile ile. Naiandika hapa yote.

Kwanza, toeni mikono

Vifaa vinne haviharibiki dakika moja kila kimoja kwa sababu yake. Vikifa kwa mpigo, kuna kitu kimoja ambacho vyote vinakitegemea, na hicho ndicho cha kutafuta. Ukianza kushika kila kimoja, utageuza tatizo moja kuwa matano, na baadaye hutajua lipi lilikuwepo na lipi umelileta.

Kwa hiyo mteueni mtu mmoja wa kugusa. Wengine wote, hata yule anayejua zaidi, wawe watu wa kuangalia na kusema wanachokiona. Kisha chukua karatasi. Andika saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, na hali ya kila kifaa kabla hujakigusa: kina taa au hakina, taa ya rangi gani, imetulia au inapepesa. Piga picha ya nyaya za nyuma ya TV kabla hujachomoa hata mmoja.

Halafu sheria ambayo siivunji: badilisha kitu kimoja, subiri, angalia, andika. Kama hakijasaidia, kirudishe kilivyokuwa ndipo uende kingine. Najua inavyochosha, hasa watoto wakiwa wamekuzunguka na mechi imeshaanza. Lakini ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mambo yakakaa sawa, hutajua dawa ilikuwa ipi, na wiki ijayo utaanza upya.

Anzia kwenye mita

Watu wengi huanzia kwenye kioo cha TV kwa sababu ndicho wanachokitazama. Wewe anzia umeme unapoingilia ndani.

Uniti zipo? Sakiti breka zote ziko juu? Iliyoshuka ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena papo hapo, usiilazimishe. Kuna shoti mahali, na breka inafanya kazi yake. Chomoa vifaa vyote vya upande ule, ipandishe, kisha rudisha kimoja kimoja mpaka umpate anayeiangusha. Ikishuka hata baada ya kuchomoa vyote, shoti iko kwenye nyaya za ndani ya ukuta, na hapo ni kazi ya fundi umeme.

Kama mita inakataa tokeni, hakikisha kwanza umeingiza tarakimu zote 20. Kuna jambo jingine linalowapata wenye nyumba zilizofungwa muda mrefu. Tokeni za mita hizi hubeba hesabu ya dakika iliyoanza mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule tulipewa namba za ziada, seti mbili za kuisasisha mita kabla ya seti ya umeme wenyewe. Nyumba ambayo mita yake haijawahi kusasishwa itazikataa tokeni mpya mpaka namba zile ziingizwe kwanza, kwa mpangilio waliokupa.

Sasa tazama taa na feni. Umeme wetu unatakiwa uwe karibu na volti 230. Feni ikizunguka kwa uvivu na taa zote zikiwa hafifu, huo ni umeme mdogo. Zima friji na pampu, kwa sababu mota zinaungua zikilazimishwa kuvuta umeme usiotosha, na usubiri.

Lakini taa moja ikiwaka kwa ukali kuliko kawaida na nyingine ikawa hafifu wakati huo huo, usisubiri lolote. Zima meni swichi hapo hapo. Hiyo ni dalili ya nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, iliyolegea au kukatika, ndani kwako au kwenye laini ya mtaani, na katika hali hiyo soketi zako zinaweza kupanda kuelekea volti 400. Nimeshaona chaja zote za nyumba moja zikiungua usiku mmoja kwa sababu hii. Piga simu shirika la umeme, na usiwashe mpaka waje.

Soketi, ekstensheni, plagi

Hapa ndipo mama na mimi tulipopaswa kuanzia. Nilipotulia, nilimuuliza:

"Mama, TV, king'amuzi na ruta vimechomekwa wapi?"

"Kwenye hii ekstensheni nyeupe."

"Ina kitaa chekundu. Kinawaka?"

Akainama. Nikasikia kiti kikiburuzwa. "Hakiwaki."

"Basi ichomoe. Chukua chaja ya simu yako, ichomeke ukutani, pale pale ilipokuwa."

Kimya kidogo, kisha: "Inachaji." Halafu akauliza kwa sauti ya taratibu, "Kwa hiyo hivi vyote ni vizima?"

Chaja ya simu ndiyo testa ya kila nyumba. Soketi ikichaji simu, soketi ina umeme. Ipitishe kwenye soketi ya ukutani, kisha kwenye kila tundu la ekstensheni.

Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani. Kwenye nyingi unaweza kuitoa kwa bisibisi ndogo. Badilisha kwa fyuzi ya ukubwa ule ule: kama ilikuwa 3A weka 3A, kama ilikuwa 13A weka 13A. Usiweke waya wala karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Fyuzi inakatika ili waya usishike moto, na ukiifunga kwa waya umeiondoa kinga hiyo.

Mguu mmoja wa plagi ya mama ulikuwa umegeuka mweusi na plastiki yake imeyeyuka kidogo. Jioni ile umeme uliporudi, mtu alinyooshea sare za shule pasi iliyochomekwa kwenye ekstensheni ile ile. Ekstensheni ya 13A inabeba kama wati 3,000 kwa jumla, na zile za bei rahisi hazifiki hapo kwa kuwa nyaya zake ni nyembamba. Pasi, birika la umeme na hita hazitakiwi kuingia humo kabisa. Plagi iliyokuwa nyeusi haisafishwi, inatupwa, na soketi iliyoichoma ikaguliwe na fundi, maana mara nyingi imelegea kwa ndani.

Ukisikia harufu ya kuungua popote, au ukishika plagi ukakuta ni ya moto, mwongozo huu unaishia hapo kwako. Zima, chomoa, mwite fundi. Wala usifungue mgongo wa TV: ndani kuna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kuhusu friji, wengi tunatumia kile kifaa cha kuilinda tunachokiita friji gadi. Umeme ukirudi, chenyewe hakiupitishi mara moja. Husubiri dakika kama tatu hadi tano ili presha ndani ya kompresa ishuke. Friji ya mama ilinyamaza kwa sababu hiyo, na kila mtu alipokizima na kukiwasha kuona kama kinafanya kazi, hesabu ilianza upya. Iacheni.

Adapta kabla ya kifaa

Soketi ni nzima lakini ruta au king'amuzi hakiwaki? Mara nyingi kilichokufa ni adapta, ile chaja yake nyeusi. Umeme unaokatika na kurudi huichosha kapasita ya ndani mpaka inavimba. Dalili ninayoiamini zaidi ni hii: ruta inawaka, taa zinapanda, kisha inazima na kuanza tena yenyewe kila baada ya dakika chache. Watu wengi wamenunua ruta mpya wakati walihitaji adapta tu.

Soma maandishi madogo kwenye adapta. Volti lazima zilingane kabisa na za kifaa: ya 12V kwa 12V, ya 9V kwa 9V. Ampea ziwe sawa au zizidi, zisipungue. Kuna pia kichoro cha duara chenye alama za kujumlisha na kutoa, kinachoonyesha ipi iko katikati ya pini, nacho lazima kifanane. Ving'amuzi vingi na ruta nyingi hutumia 12V, kwa hiyo ukiviona vimefanana kwa yote matatu na pini inaingia vizuri, unaweza kuazima adapta ya kimoja kukipimia kingine. Ukiwa na shaka hata kidogo, usijaribu. Adapta ya kompyuta mpakato yenye 19V itaiua ruta ya 12V mara moja.

Ruta: Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili

Hapa ndipo hasira nyingi huzaliwa, kwa sababu tunasema "Wi-Fi haifanyi kazi" tukimaanisha mambo tofauti. Wi-Fi ni njia kutoka simu yako hadi ruta, ndani ya nyumba. Intaneti ni njia kutoka ruta kwenda duniani. Lazima ujue ipi imekatika.

Anza kwa kuzima data ya simu. Usipoizima, simu itatumia bando kimyakimya na utadhani ruta imepona. Kisha zima ruta ukutani, hesabu nusu dakika, iwashe, na usiiguse kwa dakika tano. Ruta nyingi zinahitaji muda kujipanga, na anayeizima kila baada ya sekunde thelathini haipi nafasi ya kumaliza.

Bado? Fungua kivinjari cha simu uandike anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1, au 192.168.0.1, na kwenye ruta za laini ya simu aghalabu ni 192.168.8.1. Ukurasa ukifunguka, Wi-Fi yako ni nzima na tatizo liko mbele ya ruta. Usipofunguka, tatizo liko kati yako na ruta: umeunganishwa kwa jirani, umekosea neno la siri, au uko mbali. Ruta nyingi sasa zina majina mawili. La 5 GHz lina kasi lakini linachoka haraka kwenye kuta za tofali za saruji. La 2.4 GHz linafika mbali zaidi, na vifaa vingi vya zamani huliona hilo peke yake.

Kwa wenye faiba, yaani intaneti inayokuja kwa waya wa mwanga, tafuta taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa chako. Angalia kama ule waya mwembamba umekunjwa, umebanwa na kabati au umeng'atwa na panya. Unyooshe taratibu. Usiufungue kuchungulia ncha yake, kwani mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Ukiwa umenyooka na taa bado ni nyekundu, hakuna unachoweza kufanya ndani ya nyumba. Piga simu kwa kampuni.

Na sasa ile riseti ya pini. Naiomba kila nyumba: iwe ya mwisho kabisa, na isibonyezwe kabla hujawa na karatasi yenye jina la mtumiaji na neno la siri mlilopewa na kampuni siku ya kufungiwa. Riseti hairekebishi ruta, inaisahaulisha kila kitu. Sisi tulikaa dakika arobaini na mhudumu kwenye simu kurejesha kile kilichofutwa kwa sekunde kumi.

Wakati mwingine kosa haliko nyumbani wala mtaani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama ile unaweza kuivunja ruta yako bure. Kabla ya kuhangaika, muulize jirani mwenye kampuni ile ile na mwingine mwenye kampuni tofauti.

TV na king'amuzi

TV inawaka lakini imeandika "No Signal"? Mara nyingi imeelekezwa kwenye tundu lingine. Fuata waya wa HDMI kutoka king'amuzi hadi mgongoni mwa TV, soma namba iliyoandikwa pale ulipoingia, kisha chagua namba hiyo hiyo kwa rimoti. Rimoti yenyewe ipime kwa kamera ya mbele ya simu: elekeza kile kitaa chake kwenye kamera, bonyeza kitufe, na kwenye kioo utaona mwanga wa zambarau. Usipouona, badilisha betri kwanza.

King'amuzi cha dishi kina menyu inayoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Nguvu ikiwepo na ubora ukawa sifuri, mara nyingi dishi limesogea, au mvua ni kubwa tu na utasubiri ipite. Vyote viwili vikiwa sifuri, shuku waya au ile LNB, kifaa cha kunasa mawimbi kilicho mbele ya dishi. Zima king'amuzi kabisa kabla ya kufungua waya, maana kinapeleka volti 13 au 18 juu kule. Tazama ncha: kile kishaba cha katikati kiwe kisafi na kisiguswe na vinyuzi vya pembeni. Sisi wa pwani tuna tatizo letu, chumvi ya bahari. Shaba inaota kutu ya kijani, na ukikata sentimita mbili ukatengeneza ncha mpya, picha inarudi. Ya mama ilikuwa kijani kabisa, na ndiyo maana chaneli zake zilikuwa zinaganda hata kabla ya usiku ule.

Umelipia kifurushi na chaneli hazijafunguka? Kiache kimewaka kwenye chaneli mojawapo uliyolipia. Ruhusa inakuja kwa mawimbi, na king'amuzi kilichozimwa hakiipokei.

Jambo moja wengi hawalijui: TV ya kisasa iliyokosa umeme inaweza kupoteza tarehe. Intaneti iko sawa, lakini programu za video zinakataa kufunguka au zinazunguka tu. Programu hizo hukagua vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na TV inayodhani tuko miaka kumi iliyopita huviona vyote ni batili. Ingia kwenye mipangilio, rekebisha tarehe na saa kwa mkono, zima, washa.

Ukilazimika kupiga simu

Uwe na namba ya akaunti, saa tatizo lilipoanza, rangi za taa, na karatasi yako ya ulichokwishafanya. Msomee mhudumu yote kwa mpigo, mwanzoni. Hii inakuepusha kuambiwa "zima na uwashe" kwa mara ya nne. Kabla hujakata, omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako na uiandike. Anayekupigia mwenyewe akidai ni huduma kwa wateja, kisha akataka namba ya siri ya pesa za simu au malipo kwenye namba binafsi, kata simu.

Fanya haya siku ambayo vyote vinafanya kazi

Nilipokwenda Tanga mwisho wa mwezi ule nilichukua mkanda mweupe na kalamu ya wino. Kila adapta tuliibandika jina la kifaa chake na volti zake. Kila waya nyuma ya TV ukapata jina lake pande zote mbili. Karatasi ya mipangilio ya ruta tuliipiga picha, nakala moja kwa mama, moja kwangu. Ruta na TV sasa ziko kwenye kifaa cha kulinda umeme chenye kuchelewesha, na radi zikianza mama anachomoa hata waya wa dishi, kwa sababu radi hupitia humo pia.

Pembeni ya mita tumetundika daftari kwa uzi. Ukurasa wa kwanza ameuandika mama mwenyewe: tarehe, saa umeme ulipokatika, na chini yake, "Friji: subiri dakika tano. Ruta: pini hapana."